Kikomo cha kuvua kikiwekwa, mwenye mashua anapoteza nini na anapata nini?

Swali

"Mimi na kaka yangu tunamiliki mashua mbili za injini na tumeajiri mabaharia 14. Kwa miaka minane samaki wamekuwa wakipungua. Safari iliyokuwa ya usiku mmoja sasa ni ya siku tatu. Tumeambiwa kwamba kuanzia msimu ujao kutakuwa na kikomo cha jumla cha samaki watakaovuliwa, uvuvi utafungwa kwa miezi minne kila mwaka, nyavu za matundu madogo zitapigwa marufuku, na baadaye kila chombo kitapewa mgawo wake. Kaka yangu anataka tukope tununue mashua kubwa zaidi kabla mlango haujafungwa. Wenzetu wanasema samaki wakiadimika bei itapanda na itatufidia. Wengine wanasema mpango mzima ni njama ya kuwapa matajiri bahari. Je, udhibiti huu utatumaliza kiuchumi au utatuokoa? Na sisi tufanye nini?"

Jibu

Ndugu yangu, katika barua yako kuna sentensi moja niliyoirudia mara tatu: kwamba safari iliyokuwa ya usiku mmoja sasa ni ya siku tatu. Nusu ya jibu imo humo. Mashua inayokaa baharini siku tatu ili ipate kilichokuwa kikipatikana kwa usiku mmoja inachoma mafuta mengi zaidi, inabeba barafu nyingi zaidi, inachakaza injini na nyavu, na inagawa pato lile lile kwa mabaharia waliochoka. Gharama hiyo hukutozwa na serikali yoyote. Umetozwa na hali ya kila mtu kuvua bila kikomo, na umeilipa kwa miaka minane bila kuandikiwa risiti. Kwa hiyo unapopima hasara ya sheria mpya, usiilinganishe na miaka ile ya neema, kwa sababu miaka ile haimo tena katika mambo mnayoweza kuyachagua. Ilinganishe na kule mnakoelekea ikiwa hakuna kitakachobadilika.

Hofu yako ina msingi. Sheria ya uvuvi inaweza kumfilisi mwenye chombo aliyekuwa akijimudu, na inaweza pia kumpa kipato kizuri kuliko alichowahi kukipata. Katika kazi yangu nimeona kwamba ukali wa sheria si kitu kikubwa sana katika jambo hili. Kikubwa ni kama sheria inaondoa mbio za kuvua, au inazibana tu mbio hizo zikimbiwe kwa kasi zaidi. Nitalieleza hilo kwa kirefu, kwa kuwa ndilo litakalokusaidia kuusoma mpango mtakaoletewa.

Kwanza, kwa nini samaki wanaisha ilhali kila mvuvi ana akili timamu na anataka watoto wake nao wavue? Mchumi wa Denmark, Jens Warming, aliliandika jambo hili mwaka 1911, na mwaka 1954 Mkanada H. Scott Gordon akalipa sura tunayoitumia mpaka leo. Chukua ghuba ya mfano, yenye tarakimu nilizozitunga ili hesabu iwe nyepesi. Kila mashua inatumia kwa msimu gharama inayolingana na thamani ya tani 4 za samaki. Mashua zikiwa 20, kila moja inapata tani 12, na jumla ya ghuba ni tani 240. Ukiondoa gharama, kila mmoja anabaki na faida ya tani 8. Mtu wa pembeni anaiona faida hiyo na kuleta mashua ya 21. Sasa kila mashua inapata tani 11.6, na jumla ya ghuba inakuwa tani 243.6. Mgeni ameshusha tani 11.6 na amefurahi, maana amebaki na faida ya tani 7.6. Lakini ghuba nzima imeongeza tani 3.6 tu. Tani 8 zilizobaki katika shehena yake zimetoka kwenye nyavu za wale 20 wa mwanzo, kilo 400 kwa kila mmoja wao, bila yeye kuiba na bila wao kuona. Tena, kwa kuwa gharama ya tani 4 imetumika kuongeza tani 3.6, ghuba imekuwa maskini kuliko ilivyokuwa kabla hajaja.

Wala wageni hawataishia hapo. Maadamu kuna faida, ataingia wa 22, wa 23 na wengine, hadi mashua zifike 40. Hapo kila moja inapata tani 4, sawasawa na gharama yake, na jumla ya ghuba imeshuka hadi tani 160. Watu wameongezeka maradufu, samaki wamepungua kwa theluthi moja, na hakuna anayebaki na kitu. Ukitazama vizuri utaona kwamba samaki wengi kabisa walipatikana mashua zilipokuwa 25, jumla tani 250, ilhali kipato kikubwa kabisa kilikuwa kwenye mashua 20. Kuvua samaki wengi kadiri iwezekanavyo na kupata kipato kikubwa kadiri iwezekanavyo ni malengo mawili tofauti, na wavuvi wengi hawajawahi kuelezwa tofauti hiyo.

Ghuba hii ni ya kubuni, lakini mwendo wake ndio mwendo wa dunia. Kwa makadirio ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 1974 takriban asilimia 90 ya akiba za samaki wa baharini (yaani makundi ya samaki waliomo majini) zilizochunguzwa zilikuwa zikivuliwa kwa kiwango kinachoweza kuendelea. Mwaka 2021 zilikuwa asilimia 62.3. Benki ya Dunia ilikadiria kwamba kwa mwaka 2012 pekee uvuvi wa baharini ulipoteza faida ya dola za Marekani bilioni 83, fedha ambazo zingepatikana kama samaki wangekuwa wengi zaidi na vyombo vikawa vichache zaidi. Fedha hizo hazikuingia mfukoni mwa mtu. Ziliungua kama mafuta ya injini katika safari ndefu kama zenu.

Sasa nije kwenye sheria zenyewe, kwa kuwa mmetangaziwa nne kwa pamoja na kila moja ina tabia yake.

Kikomo cha jumla kinasema kwamba mwaka huu zitavuliwa tani kadhaa, na zikifika, uvuvi unafungwa. Kwa samaki hiyo ni kinga. Kwa mvuvi, kisipofuatana na jambo jingine, ni filimbi ya kuanzisha mbio. Hakuna mahali palipoonyesha hivyo waziwazi kama Alaska, katika uvuvi wa halibati, samaki bapa mkubwa wa bahari baridi. Kikomo kilikuwepo na kiliheshimiwa, lakini yeyote aliweza kukigombania, na vyombo viliongezeka hadi, mwanzoni mwa miaka ya 1990, msimu mzima ukabaki siku mbili au tatu kwa mwaka, katika maeneo makuu ya uvuvi huo. Siku hiyo ilipofika, nahodha alitoka hata kama bahari imechafuka, kwa sababu kuikosa siku ile kulikuwa ni kuukosa mwaka. Mishipi ilitegwa mingi kuliko iwezavyo kuvutwa kwa saa zilizopo. Iliyobaki ilikatwa na kuachwa chini, na ndoana zake ziliendelea kunasa samaki ambao hakuna aliyewachukua. Kisha vyombo vyote vilifika bandarini kwa pamoja vikiwa vimejaa samaki waliorundikwa bila kutunzwa vizuri, na mnunuzi, akijua kwamba muuzaji hana mahali pa kuwahifadhi, alitaja bei anayoitaka na kuwapeleka wengi wao kwenye majokofu ya kugandisha. Mwaka 1995 utaratibu ulibadilika: kila mwenye haki alipewa sehemu yake ya kikomo. Msimu ukarefuka hadi miezi minane hivi. Samaki wakaanza kufika sokoni wakiwa wabichi kwa muda mrefu wa mwaka, bei ikapanda, na nahodha akaweza kutazama anga asubuhi na kuamua kubaki nyumbani. Kikomo kilikuwa kile kile cha aina ile ile ya samaki. Kilichoondoka ni mbio.

Kwa hiyo mtakapokwenda mkutanoni, ulizeni mapema muda utakaopita kati ya kikomo cha jumla na mgawo wa kila chombo. Mkisikia kwamba kikomo kinaanza sasa na mgawo utakuja baada ya miaka mitatu, jueni kwamba miaka hiyo mitatu ndiyo itakayowaumiza.

Kufunga uvuvi kwa miezi minne kunategemea sana ni samaki gani. Pweza hukua haraka mno, na ndiyo maana vijiji vya kusini-magharibi mwa Madagaska, vilivyoanza mwaka 2004 kufunga sehemu ya maeneo yao ya pweza kwa miezi michache tu, viliona pweza wakubwa zaidi mara baada ya kufungua. Samaki anayechukua miaka mingi kukomaa hapati uzito wa maana kwa miezi minne. Kwake faida ipo ikiwa miezi hiyo ni ya kutaga mayai, au ikiwa kufunga kunapunguza kweli jumla ya uvuvi wa mwaka. Kama vyombo vile vile vitavua kwa nguvu maradufu katika miezi minane iliyobaki, mtakuwa mmelipa gharama ya kukaa bure bila kununua kitu. Kumbuka pia kwamba mkopo, kodi ya maegesho na matengenezo havifungwi miezi hiyo.

Matundu ya nyavu sitayazungumza sana. Ni sheria nzuri yenye gharama inayojulikana: mtanunua nyavu mpya, mtapata pungufu kwa kipindi ambacho samaki wachanga waliopenya wanakua, kisha mtawakuta wakiwa wazito. Udhaifu wake ni kwamba haizuii mashua ya 21 kuingia.

Kuhusu leseni, ambazo bila shaka zitakuja pamoja na mgawo, mfano unaofaa ni wa uvuvi wa samoni katika jimbo la British Columbia nchini Kanada, ambako idadi ya vyombo ilianza kuzuiwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Idadi ilipozuiwa, wenye leseni walibadilisha vyombo vidogo kwa vikubwa. Tani za vyombo zilipozuiwa, walitia injini zenye nguvu na vifaa bora vya kutafutia samaki. Kila ulipozibwa mlango mmoja, fedha zilipita mlango mwingine, na uwezo wa kuvua ukaendelea kukua ndani ya idadi ile ile ya leseni. Watu wale walikuwa wakifanya kila mmoja kilicho sahihi kwake. Maadamu samaki ni wa yule anayemfikia kwanza, kila akiba itatumika kununua kasi.

Mgawo wa kila chombo ndio pekee kati ya hizo nne unaoondoa sababu ya kukimbia, maana tani zako zinakusubiri. Nyuzilandi iliuanza kwa upana mwaka 1986, na Aisilandi ikaukamilisha kwa sheria ya mwaka 1990. Palipo na mgawo, mvuvi huacha kuuliza atapataje wengi na huanza kuuliza atapataje wale wale kwa gharama ndogo na kwa bei bora. Hapo ndipo kipato kinapopatikana. Lakini lazima niseme pia linalofuata, kwa sababu lina uzito kwenu: mashua moja inapoweza kuvua mgawo wa mashua mbili, ya pili huuzwa, na mabaharia wake hurudi nyumbani. Faida ya udhibiti na upungufu wa ajira hutoka katika chanzo kimoja, na mtu akikuahidi ya kwanza bila kukutajia ya pili, muulize vizuri.

Hilo linanileta kwa wale wanaosema ni njama. Sikubaliani nao kwamba kikomo ni hila, kwani samaki wamepungua kweli na wewe mwenyewe ni shahidi. Ila wanahisi jambo la kweli. Mgawo ukishapewa thamani na ukaweza kuuzwa, ni mali, na anayeamua nani apewe mwanzoni ameamua nani atakuwa tajiri. Huko Nyuzilandi wavuvi wa muda, wengi wao Wamaori, waliondolewa katika hesabu kabla mfumo haujaanza. Wamaori walikwenda mahakamani kudai haki zao za kale, na suluhu ya mwaka 1992 iliwapa nusu ya kampuni kubwa ya uvuvi na asilimia 20 ya mgawo wa kila aina ya samaki itakayoongezwa baadaye. Aisilandi migawo ilijikusanya katika mikono michache na baadhi ya vijiji vikaachwa bila kitu. Mwaka 2007 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema kwamba jinsi migawo ilivyogawiwa ilikuwa na ubaguzi, na kuanzia mwaka 2009 nchi hiyo iliruhusu vyombo vidogo kuvua pwani wakati wa kiangazi bila kuhitaji mgawo huo. Upande mwingine, Alaska iliweka ukomo wa sehemu ambayo mtu mmoja anaweza kumiliki, na vijiji vya pwani ya magharibi vikatengewa sehemu yao. Katika Pasifiki, nchi nane za visiwa zinazomiliki maji yenye jodari wengi ziliamua kuuza kwa pamoja siku za kuvua kwa meli za kigeni, na mapato yao yalipanda kutoka takriban dola milioni 60 mwaka 2010 hadi karibu dola milioni 500 kwa mwaka. Faida ya bahari inaweza kwenda kwa wachache, kwa vijiji au kwa hazina ya umma. Uamuzi huo hufanywa mapema na ni vigumu mno kuubadilisha baadaye, kwa hiyo wanaoogopa wanapaswa kuwa wa kwanza kufika mkutanoni, badala ya kuususia.

Nina wasiwasi zaidi juu ya mabaharia wako 14 kuliko juu yako. Mgawo kwa kawaida hutolewa kwa historia ya chombo, na baharia aliyevuta nyavu miaka 20 hana jina lake popote. Pia, palipo na soko la migawo, mwenye chombo akikodi tani kutoka kwa mwingine hukata kodi hiyo kabla ya kugawa mapato, na fungu la baharia husinyaa hata kama bei ya samaki imepanda. Mnaweza kulizuia hilo kwa makubaliano yenu wenyewe, na mimi ningeliandika mapema.

Wenzenu wanaosema bei itapanda wamesema sehemu ya ukweli. Bei hupanda samaki wakiadimika ikiwa mnunuzi hana pa kwenda. Leo mara nyingi anapo: samaki waliogandishwa hutoka mbali, na mwaka 2022, kwa mara ya kwanza, ufugaji ulitoa viumbe wengi wa majini kuliko uvuvi. Kama samaki wenu wanashindana na hao, kupungua kwa shehena yenu sokoni hakutatikisa bei. Hata pale bei inaposogea, pigeni hesabu: shehena ikipungua kwa asilimia 30, bei inapaswa kupanda kwa karibu asilimia 43 ili mauzo yabaki yalivyokuwa. Ninachokiamini zaidi ni bei inayopanda kwa ubora, kama ilivyokuwa Alaska, kwa sababu hiyo iko mikononi mwenu: barafu ya kutosha, samaki waliosafishwa mapema, na kushusha siku ambayo wengine hawajashusha.

Sasa mashua kubwa. Kwa heshima yote kwa kaka yako, ningemwomba asikope. Hoja yake ingekuwa sahihi kama mgawo ungetolewa kwa ukubwa wa chombo, na hata hapo mara nyingi huchukuliwa rekodi za miaka iliyotangulia tangazo, ili watu wasikimbilie kununua. Atakachokuwa amenunua ni deni kubwa linaloanza kulipwa mwaka ule ambao anaruhusiwa kuvua miezi minane tu. Nimeketi na mwenye chombo aliyefanya hivyo. Alikuwa na daftari lenye mistari miwili, mwekundu wa rejesho na mweusi wa mauzo, na kuanzia mwezi wa pili wa kufungwa mstari mweusi ulikuwa mtupu huku mwekundu ukiendelea kujazwa kila tarehe ile ile. Aliuza mgawo wake kabla samaki hawajarudi.

Mkiahidiwa ruzuku ya mafuta ya kuwapunguzia makali, rudini kwenye ile ghuba. Mashua 40 zinapata tani 4 kila moja na hazina faida. Serikali inalipa nusu ya gharama, hivyo kila mashua sasa inabeba mzigo wa tani 2 tu. Faida imerudi, lakini mlango uko wazi, na mashua zinaongezeka hadi 45, ambapo kila moja inapata tani 2. Jumla ya ghuba imeshuka kutoka tani 160 hadi 90, faida imerudi sifuri, na serikali imelipa thamani ya tani 90 ili zipatikane tani 90. Ndiyo maana Shirika la Biashara Duniani lilifikia mkataba juu ya ruzuku za uvuvi mwaka 2022. Msaada unaofaa ni ule usiokufanya uvue zaidi: posho ya miezi ya kufungwa, kununuliwa kwa chombo cha anayetaka kuacha, nyavu mpya badala ya zilizopigwa marufuku.

Limebaki swali la muda, na hapa nawatetea wavuvi wanaoitwa wabishi. Wataalamu hupenda kuonyesha mchoro unaoshuka kidogo kisha unapanda sana. Lakini tani 10 zitakazopatikana baada ya miaka mitatu, kwa mtu anayekopa kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka, zina thamani ya tani 7.5 za leo; kwa anayekopa kwa asilimia 40, hazifiki tani 4. Mvuvi maskini anayeukataa mpango ule ule ambao kampuni inaupokea kwa shangwe amepiga hesabu sahihi kwa riba anayotozwa yeye. Mpango usiokuwa na daraja la kuwavusha watu kama hao unawahamishia gharama wale wasio na akiba.

Hata hivyo, kuchelewa ni ghali kuliko yote. Tarehe 2 Julai 1992 Kanada ilisitisha uvuvi wa chewa wa kaskazini (samaki wa bahari baridi aitwaye cod kwa Kiingereza) huko Newfoundland, baada ya miaka mingi ya kuweka vikomo vilivyokuwa juu mno. Takriban watu 30,000, wavuvi pamoja na wafanyakazi wa viwanda vya samaki, walipoteza kazi. Ilitangazwa kwamba ni kwa miaka miwili; usitishaji huo uliondolewa rasmi mwaka 2024. Kaa na kamba wa maeneo yale walikuja kuleta fedha nyingi, lakini ziliwafikia watu wachache, na mara nyingi si wale waliopoteza. Kikomo kinachouma leo samaki wakiwa bado wapo si sawa na kikomo kinachowekwa wakiwa wameisha.

Na yote haya yanasimama juu ya jambo moja: sheria iwabane wote, au isimbane yeyote. Mwaminifu anayekaa pwani akitazama wengine wakivua usiku amelipa gharama ya pande zote mbili. Ulinzi wa serikali ni ghali na hauwezi kuwa kila mahali, kwa hiyo nauthamini sana mfano wa Alanya nchini Uturuki, alioueleza Elinor Ostrom, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya uchumi ya mwaka 2009. Wavuvi wapatao 100 wa pale waliorodhesha sehemu zote za kutegea nyavu, wakawa wanagawiana sehemu hizo kwa kura ya bahati kila Septemba, na kila siku kila mmoja alisogea sehemu moja upande mmoja hadi Januari, kisha wakarudi upande wa pili. Kila mtu alipata zamu ya mahali pazuri, na mvamizi alikamatwa na yule ambaye zamu yake ilivamiwa, bila kulipwa mshahara na mtu yeyote.

Kwa hiyo, mfanye nini? Kusanyeni karatasi. Stakabadhi za wanunuzi, risiti za mafuta, daftari la safari, chochote kinachoonyesha tarehe, uzito na jina la chombo kwa miaka yote minane. Kama hamna daftari, anzeni leo na waombeni wanunuzi wenu wa zamani nakala za kumbukumbu zao. Kisha pigeni hesabu ya mwaka mzima wa miezi minane ya kuvua na kumi na miwili ya kulipa, kwa kila mashua peke yake. Huenda mkagundua kwamba mashua moja inayotunzwa vizuri inawapa zaidi ya mbili, na ni afadhali kuligundua hilo mezani kuliko kuligundua baharini.

Kuna mambo ambayo barua haiwezi kuyamaliza. Ikiwa mna deni lililochelewa, nendeni kwa mkopeshaji kabla ya kufungwa kuanza mkaombe ratiba inayofuata msimu. Akiombwa mapema husikiliza kuliko akiombwa rejesho likiwa limeshakosekana. Mtakapoletewa hesabu ya mgawo na mkaona rekodi zenu zimepunguzwa, tafuteni mwanasheria mara moja, kwa kuwa muda wa kukata rufaa huwa mfupi na haurudi. Yeyote akija na fedha taslimu kununua au kukodi mgawo wenu katika mwaka wa kwanza, msitie saini kabla mhasibu asiye na maslahi naye hajaketi nanyi. Alaska bei ya mgawo wa halibati ilipanda sana katika miongo iliyofuata, na walioharakisha kuuza hawakuwa na njia ya kurudi. Kuhusu miezi minne iliyochaguliwa, mtafuteni ana kwa ana ofisa wa uvuvi wa eneo lenu na mumwombe awaonyeshe samaki wenu hutaga lini, kisha mlinganishe na mliyoyaona wenyewe ndani ya matumbo ya samaki mliowapasua. Mkiona miezi haipatani, mwandikieni hivyo, mkiambatanisha tarehe zenu.

Na waiteni wale mabaharia 14 kabla ya mkutano, muwafungulie daftari hilo hilo.